Onja Maji ya Kitalu

Ninyi mliobaki na makasi ya kupogolea mmeniuliza mara nyingi jinsi ninavyochagua kitalu cha kununulia miche, na kila mara niliwajibu kwa mkato kwamba mtajua mbele ya safari. Sasa mimi ndiye niliyefika mwisho wa safari. Nimekabidhi funguo za stoo pamoja na ile kofia ya ukindu iliyotoboka, na muda ninao. Sitawasimulia nilivyopanda cheo, maana kutoka mfagia majani hadi msimamizi wa bustani si safari ndefu: ni ile reki unayomkabidhi mwenzako ukabaki mikono mitupu. Nitawasimulia habari za maji.

Niliajiriwa katika hoteli yetu ya Diani nikiwa kijana kutoka Kinondo, na nilijiona najua miti kwa kuwa nimezaliwa kati yake. Siku ya kwanza nilipewa mpira wa maji nikaambiwa nimwagilie maua yaliyokuwa mbele ya mapokezi. Nilimwagilia kwa bidii zote mpaka njia ikawa tope, na mgeni mmoja akaacha kiatu chake humo. Mkuu wa bustani, Mzee Kilonzo, alikuja akakichomoa kile kiatu, akakipangusa kwa shati lake, akamrudishia mwenyewe kwa adabu. Kisha akanigeukia.

"Omari," akasema, "umemwagilia njia. Njia haina kiu."

Hakunipigia kelele, wala hakulitaja tena jambo lile. Kilonzo alikuwa mtu wa Kitui, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliyeteremka pwani kutafuta kazi wakati hoteli zilikuwa bado za kuhesabika. Lafudhi ya kwao hakuiacha mpaka alipostaafu. Panga lake alilizungushia kipande cha mpira wa baiskeli kwenye mpini, na kisu chake cha kukatia vipandikizi hakuna aliyeruhusiwa kukishika, hata meneja. Kwake nilijifunza kuutoa mche kwenye kifuko chake cha plastiki kabla ya kuununua, niione mizizi. Mizizi iliyojizungusha na kujifunga yenyewe ni mche uliokaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi, na mwenye kitalu anatafuta wa kumtupia. Kwake nilijifunza pia kuogopa kitalu chenye kila kitu. Muuza minazi peke yake hawezi kukudanganya juu ya mnazi, kwa sababu hana pengine pa kujificha.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la maji. Huko kwao, alinieleza, visima vingine vina chumvi na vingine havina, na ng'ombe aliyezoea kisima kimoja akipelekwa kingine hugoma kunywa, akakonda mbele ya maji. Miche nayo ni hivyo hivyo. Kisima cha hoteli yetu, kama mnavyojua, kina chumvi, na bahari nayo inatupulizia yake bila kuombwa.

"Ukifika kwenye kitalu," aliniambia, "usianze kuangalia majani. Omba maji ya kunywa. Ukisha kunywa utajua kama hiyo miche itaishi kwako ama itakufa."

Niliyashika maneno hayo kama dua. Mzee Kilonzo alipostaafu na kurudi Kitui, aliniachia bustani pamoja na kile kisu. Mke wake, aliyemsindikiza kuja kuaga, alisema hajawahi kumwona akitoa kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Miaka ya mwisho ya tisini haikuwa mizuri kwetu. Wageni walipungua, hoteli za jirani zikawa zinafunga milango moja baada ya nyingine, na sisi tulikuwa tunapogoa maua ya kutazamwa na kima. Na katika mwaka mmoja kama huo, pepo za kusi ziliunguza bustani yote ya mbele, ile iliyo kati ya mkahawa na ufuo. Ilikuwa bustani ya zamani yenye vichaka laini vilivyopandwa na watu waliotaka rangi, na wakati biashara ni nzuri tulikuwa tukiibadilisha kila inapoungua. Sasa hapakuwa na cha kuibadilishia. Ilikauka ikabaki vijiti.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Maina, kijana kutoka Nairobi aliyeletwa kuiokoa hoteli. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita ofisini, akanipa kiti, na hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu mtunza bustani hapewi kiti bure.

"Omari, niko na pressure kutoka head office," akasema. "Hiyo front wanataka tumwage zege tu, tuweke viti na miavuli. Na wewe una watu sita. Zege ikiingia, watabaki wawili."

"Nani na nani?"

"Utaniambia wewe."

Nilitoka pale nikiwa nimechemka. Wale sita niliwajua mpaka majina ya watoto wao. Mimi ndiye niliyewafunza kushika makasi, na sasa nilitakiwa niwachague kama mtu achaguavyo embe sokoni. Nilirudi ofisini kabla hasira haijapoa, nikamwambia Bwana Maina kwamba sitamtajia jina hata moja. Anipe nafasi ya kupanda tena, na pepo za kusi zijazo zikiimaliza bustani, basi anitoe mimi kwanza ndipo amwage zege lake. Akasema sawa, lakini bustani ni moja na nafasi ni moja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimekwisha kuvua hadi fulana.

Nikaanza kuzunguka. Pikapu ya hoteli ilinipeleka Ukunda, Tiwi, Ng'ombeni, hadi Msambweni na kwingineko. Kila kitalu nilichoingia nilipiga hodi, nikasalimu, nikaomba maji ya kunywa. Na katika kila kitalu nilipewa maji matamu, yasiyo na chumvi hata chembe. Kwa mmoja yalikuwa ya mtungini, yenye harufu ya udi. Kwa mwingine yalikuwa kwenye glasi iliyofunikwa kisahani. Nilikunywa maji mengi msimu ule kuliko maua yenyewe, na nilianza kuamini kwamba pwani nzima ya kusini hakuna kitalu kinachotumia maji kama yetu.

Katika kuzunguka huko nilifika Bodo, kwa mama mmoja aitwaye Bi Mwanasha. Alikuwa mjane, na kitalu chake kilikuwa uani kwake, wazi, bila kivuli, upepo wa bahari ukipita kama ulivyotaka. Hakuwa na maua ya maonyesho. Alikuwa na mikungu, ile miti ya kivuli yenye majani mapana, mivinje na vile vichaka vya ufuoni vyenye majani mazito na vijitunda vyeupe. Aina chache tu, na nyingi za kila aina. Hilo lilinipendeza. Lakini miche yenyewe ilikuwa mifupi, imekunyata, majani yameungua kingo. Nilimwamkia, akaitika, nikaomba maji. Aliingia ndani akakawia, akatoka na kikombe cha kauri chenye maua ya bluu, juu ya sinia ndogo. Maji yalikuwa matamu kupita yote niliyoyanywa.

Nikajisemea basi: maji haya yote mazuri, na miche bado iko hivi? Mama huyu hajui kazi. Nilimshukuru, nikamwombea kheri, nikaondoka.

Mwisho nikakata tamaa ya kipimo cha maji, nikafuata macho, nikanunua miche yangu katika kitalu kikubwa cha ng'ambo ya Mombasa, mahali penye vivuli vya wavu na wafanyakazi waliovaa sare. Miche ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Tulipanda wakati wa vuli. Vijana wangu waliimba wakichimba mashimo, na Bwana Maina alitoka na kamera. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na mche wa maji matamu hauwiki ufuoni. Mvua zilipokatika tukaanza kuimwagilia kwa kisima chetu, na majani yakaanza kuungua kutoka ncha kurudi nyuma. Niliwaambia vijana wapunguze maji, kisha waongeze, kisha wamwagilie alfajiri. Niliweka uzio wa makuti kuzuia upepo. Kabla ya masika, bustani ya mbele ilikuwa imerudi kuwa vijiti, na safari hii ni vijiti nilivyovichagua mwenyewe.

Asubuhi moja nikakuta lori limemwaga mchanga na kokoto karibu na lango la nyuma. Bwana Maina alikuwa amesimama kando yake mikono mfukoni.

"Pole, Omari," akasema. "Ulijaribu."

"Masika yanaingia," nikamwambia. "Wewe ni mtu wa hesabu. Zege linamwagwa kwenye mvua?"

Akainua macho kuyatazama mawingu.

"Ulinipa kusi moja, Bwana Maina. Kusi haijafika. Mchanga haulali njaa, acha ukae hapo, uningoje."

Alicheka kidogo, si kwa furaha, akasema mafundi wa zege hata hivyo hawangekuja kabla ya mvua kwisha. Sikuingoja akili yake imgeuze. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu; niliazimia kugaagaa mpaka mpakani Vanga ikibidi.

Nilikuwa nimesikia kwamba Kibuyuni kuna mtu anaotesha mivinje karibu kabisa na maji. Pikapu yetu ilikuwa inakwenda Shimoni kuchukua samaki, nikaomba lifti. Nilipofika Kibuyuni nikaambiwa yule mtu ameachana na miche kitambo, sasa analima mwani pamoja na mkewe, na kwa maelezo yao mwani haumsumbui mtu kwa kuomba mbolea. Nilirudi kwenye pikapu nimenyong'onyea. Dereva wetu alikuwa na mzigo wa kuacha Bodo, na adhuhuri ilikuwa imeingia, kwa hiyo nikamwomba anishushe nyumbani kwa Bi Mwanasha, nyumba pekee niliyoijua pale, nisali huku nikimngoja. Miche yake sikuwa hata na nia ya kuitazama.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Karibu sana."

"Shikamoo, mama. Naomba mahali pa kutawadha."

"Marahaba. Kisima kile pale, na ndoo iko juu yake. Mkeka nakutandikia barazani."

Nikateka maji. Nikaosha viganja, nikatia maji kinywani kusukutua.

Chumvi.

Si chumvi ya kisima chetu tu, hata zaidi. Nilisimama na yale maji mdomoni, mashavu yamejaa, macho yamenitoka, na nadhani Bi Mwanasha alifikiri jino linaniuma. Nikayatema, nikasukutua tena kuhakikisha, na tena, kama ilivyo suna. Kisha nikamaliza udhu wangu na kwenda kusali. Sitawadanganya kwamba niliisali sala ile kwa utulivu. Mola anisamehe, kwenye kila sijida nilikuwa naiona mikungu.

Nilipotoa salamu na kugeuka, nilimkuta ameshaleta sinia na kile kikombe cha maua ya bluu.

"Mama," nikasema, "miche yako unaimwagilia kwa maji gani?"

Uso wake ukabadilika. Akaketi kwenye kigoda, akakunja leso yake magotini.

"Ya kisima hicho, babangu. Sina mengine. Ikiwa midogo naichanganyia na ya mvua ninayokinga, kisha najaliza ya kisima kidogo kidogo, hadi izoee. Isiyozoea inakufa. Ndiyo maana imekunyata hivyo, naona haya hata kuiuza."

"Na haya ya kikombeni?"

"Hayo nayafuata mbali kwa ndoo kichwani. Ni ya kunywa."

"Siku ile nilipokuomba maji, mbona hukunipa ya kisima?"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi wake.

"Nimpe mgeni maji ya chumvi? Mie nimelelewa."

Hapo nikaelewa kosa lilikuwa wapi, na nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akakasirika kidogo. Mzee Kilonzo alinipa kipimo cha kwao, ambako nyumba ina maji ya aina moja, na anayokunywa mgeni ndiyo wanayokunywa watu, mbuzi na mche. Sisi wa pwani tuna maji ya aina mbili katika kila ua, na ukimwomba mtu maji atakupa yale asiyowapa hata wanawe. Vitalu vyote vile nilivyozunguka, sikuwa nimeonja maji ya kitalu hata mara moja. Nilikuwa nimeonja adabu za watu. Na mimi mwenyewe ni Mdigo wa Kinondo. Mama yangu angempa mgeni maji ya chumvi, tungehama mtaa.

Nikamwomba Bi Mwanasha anipe kikombe cha maji ya kisima. Akakataa. Nikamwambia sasa sikuja kama mgeni, nimekuja kama mnunuzi. Akasema aliyevuka kizingiti chake ni mgeni hadi atoke. Mwisho nilikwenda kuteka mwenyewe, nikanywa mbele yake, naye akageuza uso ukutani asishuhudie aibu ile ndani ya ua wake. Kisha nikauchomoa mche mmoja wa mkungu kwenye kifuko chake. Juu ulikuwa kijiti. Chini ulikuwa na mizizi myeupe, minene, iliyonyooka. Nyumba njema si mlango.

"Nitaichukua yote," nikamwambia.

"Yote? Hii mibaya hivi?"

"Hii mibaya hivi."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa leso akisingizia moshi, na jikoni hapakuwa na moto.

Miche ilipofika hotelini, Bwana Maina aliizunguka pikapu mara mbili. "Omari, hii ni miche ama kuni?" akauliza. Safari hii hakutoa kamera. Vijana wangu nao hawakuimba. Walichimba wakinitazama kwa huruma, kama mnavyomtazama mtu aliyefiwa anayesema yu mzima. Niliwaambia wapande mikungu na mivinje nyuma kidogo, vile vichaka vya majani mazito mbele kabisa kukabili bahari, na wamwagilie kwa kisima chetu tangu siku ya kwanza. Hakuna kudekeza.

Masika yakapita na kusi ikaingia kwa nguvu zake. Kulikuwa na asubuhi nilikuta vioo vya mkahawa vimetanda chumvi, huwezi kuona nje. Kila siku kabla ya kunywa chai nilikwenda mbele kuigusa miche mmoja mmoja, na ninawaambia kweli, niliogopa. Nilikuwa na watoto shuleni, na nilikuwa nimeweka kazi yangu juu ya neno la maji ya mdomoni. Majani ya zamani yalidondoka karibu yote. Mwenzangu mmoja alianza kuulizia kazi Malindi. Nami nilisema nitaendelea kumwagilia hata vijiti, mpaka mwenye hoteli aje anipokonye mpira mwenyewe.

Kisha mkungu mmoja wa pembeni ukatoa chipukizi, jekundu, dogo kama ncha ya kidole cha mtoto mchanga. Halafu jirani yake. Vile vichaka vya mbele havikungoja hata kusi itulie. Vilijitandaza juu ya mchanga kana kwamba vimerudi kwao, na kwa kweli vilikuwa vimerudi kwao. Nilimkuta Bwana Maina amechuchumaa kando ya kimoja akiyabonyeza majani, tai imetupwa begani.

"Imeshika," akasema.

"Imeshika."

"Basi huo mchanga nitaambia head office tumeutumia kwa mambo mengine."

Tuliutumia kweli. Tuliuchanganya na samadi tukajazia vifuko, tukaanzisha kitalu chetu kile mnachokijua nyuma ya chumba cha dobi. Wale sita wote walibaki. Wawili kati yao ndio waliowafunza ninyi.

Kwa hiyo hilo ndilo somo, na mkilisahau msiseme sikuwaambia. Mkienda kitaluni msiombe maji ya kunywa. Mtapewa heshima, na heshima haioteshi kitu. Ombeni kunawa mikono, kisha lambeni kidole. Tazameni mizizi kabla ya majani. Mpendeni muuzaji mwenye vitu vichache. Na mche unaong'aa sana uulizeni umekuwa ukiishi wapi.

Kwa Bi Mwanasha niliendelea kununua miaka yote. Tangu siku ile, kila nilipofika alitoka na sinia yenye vikombe viwili: kile cha maua ya bluu chenye maji matamu, cha mgeni, na kikombe cha bati chenye maji ya kisima, cha mnunuzi. Nilionja cha bati kwanza, nikaitikia kwa kichwa kwamba ni yale yale, ndipo nikanywa cha pili. Hatukuwahi kulizungumzia, ilikuwa ndiyo salamu yetu.

Juma lililopita nilikwenda Bodo kumuaga. Sasa ni mkongwe, macho hayaoni vizuri, wajukuu ndio wanaoshika ndoo. Alinitambua kwa sauti, akaingia ndani mwenyewe akipapasa ukuta, akatoka na sinia na vikombe vyake viwili.

"Leo sikuja kununua, mama," nikamwambia. "Nimestaafu."

Akakipapasa kile kikombe cha bati, akakiinua, akainama na kumimina maji yake polepole kwenye mche uliokuwa miguuni pake. Akanisogezea sinia.

"Basi kunywa, mwanangu," akasema. "Sasa umekuwa mgeni."